Haki ya Mlezi na Adabu ya Mwenye Kumsaidia

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mlezi wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyelelewa yatima kisha akawa mlezi wa mayatima, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Limetufikia suala ambalo kwa dhahiri yake ni dogo na kwa batini yake ni kubwa. Mtu mmoja katika jirani zetu amemchukua mwana wa dadaye baada ya dada huyo kufariki, na baba wa mtoto hajulikani aliko. Bwana huyu si mwenye mali. Kazi yake ni kushona viatu barazani kwa watu. Ulipoingia mwaka wa skuli, watu watatu wa msikiti wetu walichanga fedha za sare na vitabu wakampelekea. Akazirudisha. Akasema: “Mimi nimemchukua mtoto huyu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, nami nazitaka thawabu zangu kamili. Nikipokea fedha zenu, mtakuwa mmegawana nami.” Basi fedha zikarudi kwa wenyewe, na mtoto akakaa nyumbani muhula mzima akimpakia mjomba wake nyuzi nta.

Khabari hii ilipoenea, watu waligawanyika. Wako waliomsifu wakasema huyu ndiye mwenye ikhlasi. Na wako waliomlaumu wakasema hiki ni kiburi kilichovaa kanzu ya ucha Mungu. Kisha wakaja kuuliza: Je, msaada anaopelekewa mtu aliyechukua mtoto wa mwenziwe ni hisani, akitaka ataipokea na akitaka ataikataa, au ni haki? Na kama ni haki, ni haki ya nani? Nami nimeona niandike jawabu, si kwa kuwa mimi ni mjuzi kuliko wao, bali kwa kuwa katika jambo hili nimepata kukosa mwenyewe, kama utakavyoona mbele.

Kwanza yapasa tujue kafala ni kitu gani, kwani wengi huichanganya na ile dasturi ya kumfanya mtoto wa mtu kuwa mwana. Zamani za Ujahili mtu aliweza kumchukua mtoto akampa jina lake na urithi wake, na ukoo wa yule mtoto ukafutika kama maandishi ya mchangani. Hata Zayd bin Haritha alikuwa akiitwa Zayd bin Muhammad, mpaka zikashuka aya za mwanzo wa Sura ya Al-Ahzab, zikaamrisha watoto waitwe kwa baba zao, naye akarudi kuitwa bin Haritha. Katika kafala, basi, mtoto hubaki na jina la babaye. Hapana kurithiana baina yake na mlezi, illa mlezi aweza kumuusia hata kufikia thuluthi ya mali yake. Na akibaleghe, sharti za kujisitiri huwa zile zile za watu wasio maharimu. Kwa sababu hiyo, mtoto akiwa mchanga na katika jamaa za mlezi yuko mwanamke anyonyeshaye, akamnyonyesha mara tano zilizo mbali mbali kabla hajatimiza miaka miwili, huwa mwanawe wa ziwa katika madhehebu yetu ya Shafii. Dada wa mlezi akimnyonyesha msichana, msichana yule huwa mpwa wa mlezi kwa ziwa, na pazia huondoka katika nyumba. Tazama, ndugu yangu, msaada ulioje huu! Hauna bei sokoni, na mwanamke mmoja aweza kuutoa akiwa amekaa juu ya mkeka wake.

Watu wasioijua kafala huidhani kuwa ni upungufu, kana kwamba mtoto amepewa nusu ya nyumba. Mimi naona kinyume chake. Mtoto hakunyang'anywa kitu alichokuja nacho, ameongezewa. Na kwa kuwa mlezi hakupewa umiliki wa mtoto, ndipo ikawa lazima tuulize: basi mtoto huyu, mzigo wake ni wa nani?

Hapa ndipo penye shina la suala letu. Wanavyuoni wa fikihi wamesema kuwa kumwokota mtoto aliyetupwa ni fardhi kifaya. Na maana ya fardhi kifaya kila mmoja wetu aijua, kwani tumeisoma chuoni katika mlango wa kumsalia maiti: wakifanya wengine, dhambi huwaondokea wote, wasipofanya, wote ni wenye dhambi. Lakini twaisoma nusu yake tu. Twajua kwamba mwenziwetu akifanya, sisi tumesalimika. Hatujiulizi tumesalimika kwa nini. Tumesalimika kwa kuwa yeye amebeba kilichokuwa juu ya vichwa vyetu. Yule mshona viatu alipomshika mkono mpwa wake akamwingiza nyumbani kwake, alitufungua mtaa mzima kamba iliyokuwa shingoni mwetu. Je, mtu aliyekulipia deni lako akienda sokoni ukamchukulia kikapu, utasema umemfanyia hisani?

Na jambo hili halikuachwa liwe la maneno matupu. Katika zama za Sayyidna Umar, mtu mmoja wa Bani Sulaym aitwaye Abu Jamila aliokota mtoto mchanga aliyetupwa, akampeleka kwa Umar. Umar hakuanza kwa kumsifu. Alianza kwa kumuuliza nini kilichomfanya amchukue, kwani alikhofu pengine liko jambo limefichwa. Yule mtu akasema alimkuta mtoto anapotea, ndipo akamchukua. Na mkubwa wa kabila lake akashuhudia kwamba huyo ni mtu mwema. Hapo Umar alimwambia aende naye, kwamba mtoto ni muungwana si mtumwa, ulinzi wake ni wake yeye aliyemwokota, na nafaka yake ni juu ya Serikali ya Waislamu.

Nakuomba urudie kukisoma kisa hiki polepole, kwani kimekusanya mambo matatu ambayo sisi tumeyatenganisha. Umar alichunguza; kisha akaamini; kisha akalipa. Sisi wako wetu wanaochunguza bila ya kulipa: hao ni wale wapitao dirishani kutazama mtoto amelishwa nini, kisha wakaenda barazani kusimulia. Na wako wanaolipa bila ya kuchunguza, wakimpelekea fedha kila ajitangazaye kuwa ana mayatima nyumbani. Na katika hao wamo, Mwenyezi Mungu atuepushe, waliomfanya mtoto kuwa ndoano ya kuvulia sadaka. Na wako wasemao wamemwamini mlezi, nao wana maana ya kwamba hawataki kusumbuliwa. Ukimkuta afisa wa watoto wa Serikali akija nyumbani kwa mlezi na kitabu chake, akauliza maswali yanayochoma, usimwone mlezi kuwa ametukanwa. Abu Jamila naye aliulizwa, na aliyemuuliza alikuwa Umar. Walakini aliyeuliza akaondoka bila ya kuacha kitu, huyo ameshika theluthi moja ya mwendo wa Umar akaziacha mbili.

Na zikiwa hapana fedha za hazina ya Waislamu, wanavyuoni wetu hawakusema basi mlezi ajitazame. Walisema nafaka ya mtoto asiye na mali iwarudie Waislamu wenye uwezo. Kwa hivyo jawabu la sehemu ya kwanza limekwisha kudhihiri: msaada huu ni haki.

Sasa ni haki ya nani? Hapa namrudia jirani yetu, nami namwendea kwa upole, kwani namjua kuwa ni mtu mkweli na wala sioni kiburi ndani yake. Kosa lake ni la hesabu. Yeye amedhani kwamba fedha zile zilikuwa zake. Lau zingekuwa zake, angekuwa na khiari ya kuzikataa, na kukataa kwake pengine kungekuwa jambo zuri. Lakini sare haikuwa ya kuvaliwa na yeye, wala vitabu havikuwa vya kusomwa na yeye. Mtoto ndiye aliyeletewa, naye mlezi alikuwa mlango tu. Mlango ukijifunga usipitishe chakula kwa kuwa wataka kuitwa mlango mwema, aliye ndani atakufa njaa. Na thawabu alizozikhofia kupungua, amezilinda kwa muhula mmoja wa skuli wa mtoto wa dadaye. Nasema neno hili nalo ni zito: mtu asinunue Pepo yake kwa mali ya yatima.

Tena tukirudi katika Qurani twaona kwamba Mwenyezi Mungu hakumtaka mlezi afe kwa dhiki ndipo ikhlasi yake ithibiti. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 6, amemwamrisha mlezi tajiri ajizuie na mali ya yatima, na amemruhusu mlezi fakiri ale kwa kadiri ya wema. Basi ikiwa katika mali ya yatima mwenyewe, mali ambayo aya ya 10 ya sura hiyo hiyo imeilinda kwa kitisho cha moto matumboni, fakiri amepewa njia ya haki, itakuwaje katika fedha ambazo wenyewe wamezitoa kwa radhi ya nyoyo zao?

Na wala si yeye wa kwanza kupata dhiki kwa sababu ya kuogopa. Zilipokwisha kushuka aya za kutisha juu ya mali ya yatima, sahaba waliokuwa na mayatima waliogopa mno, wakatenga chakula cha yatima na chao, na kinywaji chake na chao. Kikibaki chakula cha mtoto hawakukigusa. Ama akile yeye baadaye au kioze. Jambo likawa zito juu yao, wakamwendea Mtume (s.a.w.), na hapo ikashuka aya ya 220 ya Al-Baqara, ikawafunulia kwamba kuwatengenezea mayatima mambo yao ndio kheri, na kwamba wakichanganyika nao basi hao ni ndugu zao, na Mwenyezi Mungu amjua mharibifu na mwenye kutengeneza. Hebu fikiri mtoto mdogo akila peke yake pembeni, katika sahani yake safi isiyoguswa na mtu, na nyumba nzima ikimwogopa. Sharia imeondoa jambo hilo. Na mlezi akataaye kila mkono wa nje amefanya mfano wake: ameitenga nyumba yake na mtaa, akamtenga na mtoto.

Ama kuhusu mwenye kutoa, maneno yangu ni mengi zaidi, kwani huko ndiko kwenye makosa mengi, na langu mimi mojawapo.

Miaka iliyopita bibi mmoja wa mtaa wetu alifiwa na nduguye na mke wa nduguye kwa siku moja, katika ajali ya gari. Waliacha watoto watatu, wanaume wawili na msichana mmoja, na shangazi yao akawachukua wote, asitake watawanyike. Nilikuwako mazishini. Nami kwa ulimi wangu huu nilimwambia: “Bibi, sisi tuko. Likupatalo lolote, tuite.” Watu wote walisema hivyo, na kila mmoja alikuwa mkweli wakati wa kusema.

Neno hili “tuite” nimekuja kulichukia. Nje lina sura ya ukarimu, na ndani yake mna mzigo. Mtu ana watoto watatu waliofiwa, hawalali usiku, naye mwenyewe amefiwa. Nasi tumemwongezea kazi ya nne, kazi ya kutafakari amwite nani, ampigie simu saa ngapi, na aanze kwa maneno gani ili asionekane mwombaji. Bila shaka hakutuita. Wahenga wamesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ulipopita arobaini tulimkuta akipita na kikapu chake, tukamwamkia, tukaona mambo ni mema.

Ikaja Idi. Nikakumbuka watoto wale, nikanunua kanzu mbili na gauni, na kwa upumbavu wangu nikaona mahali pazuri pa kuwapa ni barazani pa msikiti, baada ya Sala ya Idi, watu wakiwa tele. Mtoto mkubwa alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wazee walimshika wakamvika kanzu juu ya shati lake, wakasema mashallah. Aliivaa kama mtu avaavyo deni. Baada ya siku tatu kanzu ile ililetwa nyumbani kwangu, imefuliwa na kupigwa pasi, imekunjwa ndani ya gazeti. Na aliyeileta alikuwa mtoto mwenyewe, akasema shangazi amesalimu, na kwamba haikumwenea. Ilikuwa imemwenea barabara.

Basi nikaingia kutafuta katika Sira ni vipi watu wema walimsaidia mlezi, nikakikuta kisa ambacho nilikuwa nikikijua tangu utotoni, wala sikupata kukitazama kwa jicho hili. Maquraishi walipatwa na mwaka wa ukame. Abu Talib alikuwa na watoto wengi na mali kidogo. Naye ndiye aliyemlea Muhammad tangu babu yake alipofariki, akiwa mtoto wa miaka minane. Muhammad, naye wakati huo hajapewa Utume, alimwendea ami yake Abbas aliyekuwa na nafasi, akamwambia waende pamoja wakampunguzie Abu Talib mzigo wa watoto. Wakenda kwake wakamweleza. Abu Talib akasema wamwachie Akil, na waliobaki wafanye watakavyo. Muhammad akamchukua Ali, na Abbas akamchukua Jaafar.

Ona walivyofanya. Hawakungoja kuitwa, walimwendea nyumbani kwake. Hawakwenda na kitu walichojiamulia wenyewe kuwa ndicho kimfaacho. Waliuliza, na mwenye nyumba akachagua nani abaki na nani aende, hata akabaki na heshima yake ya baba. Hakwenda mmoja peke yake akawa yeye ndiye mfadhili. Walikwenda wawili, mmoja mwenye mali na mmoja asiye nayo nyingi. Tena walichokichukua hakikuwa cha siku moja kama nguo ya Idi: kilikuwa ni mtoto, na chakula chake cha kila siku, na miaka. Wala hakuna aliyesema kwamba Abu Talib ameshindwa kulea. Aliyekwenda kumsaidia ni yule yule aliyelelewa naye.

Na kunena kweli, fedha ndiyo sehemu nyepesi ya jambo hili. Mtoto aliyeondolewa kwao, hata akiwekwa katika nyumba ya watu wema, huja na mambo yake. Yuko akojoaye kitandani na umri wake ni miaka tisa. Yuko afichaye kipande cha mkate chini ya mto, si kwa wizi, bali kwa kuwa alipata kuamka siku moja akakuta hapana chakula, na tumbo lake halijaisahau siku hiyo. Yuko amtukanaye mlezi kwa maneno ambayo hawezi kumtukana mtu mwingine, na sababu yake ni kwamba huyu peke yake ndiye amwonaye kuwa hatamfukuza. Au ataka kujua kama atamfukuza. Mlezi akisimulia mambo haya, jirani mwema hasemi, “Mimi nilikwambia,” wala hasemi, “Damu si maji.” Husikiliza. Kisha huuliza usiku wa leo alale nani na mtoto ili mlezi apate usingizi. Usiku mmoja wa usingizi kwa mtu ambaye hajalala vizuri tangu mwezi wa Rajabu ni sadaka, na sijui kwa nini hatuihesabu katika sadaka.

Kadhalika mwalimu wa chuo amwitaye mtoto “yule yatima” mbele ya wenziwe, na imamu amsimamishaye siku ya maulidi ili watu waone huruma wakatoa. Hawa wanampa mtoto kwa mkono wa kulia na kumnyang'anya kwa wa kushoto. Na jamaa za mbali wajao mara moja kwa mwaka wakamnong'oneza mtoto kwamba hapa si kwao, hao ni afadhali wasije.

Juu ya mambo ya karatasi sitasema mengi. Katika zama zetu kafala imetajwa kwa jina lake katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, kifungu cha 20, na Sharia ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 nayo imeitaja. Mwenye kuchukua mtoto na asikae kwa mazoea tu. Na aende akaandikishe, apate karatasi itakayomwezesha kumpeleka mtoto hospitali na skuli bila ya kuulizwa wewe ni nani wake. Na jirani ajuaye kusoma na kuandika vizuri, amsindikize ofisini. Huo pia ni msaada, tena wa asubuhi moja tu.

Limebaki suala moja ambalo hatukuulizwa, nami naona ndilo lililo chini ya yote: mtoto naye anadaiwa nini? Twapenda kumwambia, “Mshukuru shangazi yako, lau si yeye ungekuwa wapi?” Maneno haya huyasema mtu kwa nia njema, na mtoto huyasikia kana kwamba yupo nyumbani kwa ruhusa. Ulipotimia mwaka wa saba wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alipokuwa akitoka Makka baada ya Umra, binti mdogo wa Hamza alimfuata mbio akimwita ami. Hamza alikuwa amekwisha kuuawa siku ya Uhud. Ali akamshika mkono. Walipofika, watu watatu wakamgombea: Ali kwa kuwa ni binti wa ami yake, Jaafar kwa sababu hiyo hiyo na kwa kuwa mkewe ni ndugu wa mama wa mtoto, na Zayd kwa udugu aliofungiwa na Hamza. Mtume akahukumu mtoto akae kwa ndugu wa mamaye, kwa kuwa huyo yuko mahali pa mama. Na wale watatu, aliyepata na waliokosa, akampa kila mmoja neno la kumtukuza. Watu hawa waligombea nani amchukue mtoto. Sisi hugombea nani aponyoke. Na kabla yao, katika Sura ya Aali Imran, twaambiwa waliotupa kalamu zao kupiga kura nani amlee Maryamu. Mtoto aliyegombewa hivi haambiwi ashukuru kwamba amepewa mahali.

Na huyu Jaafar ni nani? Ndiye yule mtoto aliyechukuliwa na Abbas siku za ukame. Alilelewa nyumbani kwa mtu, kisha nyumba yake ikawa nyumba ya mtoto wa mtu. Haikupita nusu ya pili ya mwaka, yeye mwenyewe akauawa Muta, mwaka wa nane wa Hijra, na watoto wake wakawa mayatima. Mtume akawaamrisha watu wawapikie chakula watu wa nyumba ya Jaafar, kwani wamefikiwa na jambo la kuwashughulisha. (Siku hizi wafiwa ndio wawapikiao waliokuja matangani, lakini hilo lina mahali pake pengine.) Hapana aliyeandika daftari la nani amdai nani katika watu hawa. Shukrani ya Jaafar ilitoka kwa mlango mwingine, miaka mingi nyuma yake, ikamfikia binti wa Hamza.

Jirani yetu mshona viatu nimemsomea karatasi hizi kabla ya kuzipeleka kupigwa chapa. Hakusema neno mpaka nilipomaliza kisa cha Abu Jamila. Hapo akaniuliza kama Abu Jamila alizipokea zile fedha za nafaka. Nikamwambia kwamba Umar hakuzifanya kuwa jambo la kuombwa wala la kukataliwa. Akanyamaza. Muhula huu mtoto yuko skuli.

Na yule bibi wa watoto watatu nilikwenda kwake, nikabisha hodi, nikamtaka radhi kwa ajili ya kanzu. Sikusema “tuite”. Niliuliza katika juma lile ni siku gani iliyo nzito kwake kuliko zote. Alinitazama kwa muda, kisha akasema Jumatano, kwani yule wa kati hupelekwa kung'olewa jino, na yeye siku hiyo hukaanga sambusa za watu. Akaingia ndani, akarudi na kadi ya hospitali na mfuko wenye chupa ya maji. “Ataogopa,” akasema, “mshike mkono mpaka ndani. Na njiani usimnunulie kitu.”